Asilimia Thelathini na Moja

Niliondoka Oulu na asilimia arobaini na nne,
kwa kuwa usiku nilisahau kulichomeka.
Nilipoiacha nchi kavu na kuteremka juu ya bahari
zilikuwa thelathini na moja.

Ndiyo, juu ya bahari. Huku, ikifika Februari,
maji hujiezeka yenyewe.
Wenye barabara huja na kekee, hupima unene,
husimika vibao: mwendo hamsini, usisimame,
usimkaribie aliye mbele.
Mkanda wa kiti nimeufungua.
Heri nundu ya kipaji kuliko kuzama umefungwa kama mzigo.

Chini yangu, mahali fulani, anaogelea Made.
Made ni samaki wa huku, ana udevu mmoja kidevuni,
huzaa gizani, chini ya barafu, wengine wakiwa wamezubaa.
Wetu hana udevu. Ni bomba la njano,
refu kama jeneza la mtu wa wastani
(Eljas hapendi niseme hivyo),
na tumboni mwake zimepangwa seli mia mbili na kumi,
ndugu wa damu na hizi zilizo chini ya kiti changu.

Lithiamu haipatani na maji.
Dondosha kipande kwenye bilauri:
kitakimbia juujuu, kitachemka, kitafoka,
mpaka kiishe.
Nasi tukakivisha, tukakifungia nati kumi na sita,
tukakiambia, nenda baharini.

Zamani tulitumia betri za safari moja,
kama njiti za kiberiti.
Hizi za sasa hula tena. Usiku kucha nimekaa nazo karakana,
nikiwaza chembe zile zinavyovuka kwenda upande wa pili
na alfajiri kurudi, kama watu wa zamu kiwandani;
na kila zamu hubaki mmoja, wawili, wasiorudi,
na hakuna anayeuliza walipo.

Ageuke kwenye hamsini, alisema Eljas Kinnunen.
Nami nikaandika thelathini na tano.
Nilitaka kipimo kimoja zaidi,
pale mto unapomwaga maji yake ya rangi ya chai
chini ya dari nyeupe.
Kipimo kimoja tu. Baridi ikasikia.

Ishirini na mbili. Nimezima joto la gari.
Pumzi yangu inachora majani kwenye kioo, kwa ndani.
Kumi na saba.
Yeye huko chini anahesabu, mimi huku juu nahesabu,
na kati yetu sentimita sitini za barafu
ambazo hazina habari na hesabu ya mtu.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.
Ngama ya Made ni shimo la mita mbili
lililokatwa kwa msumeno, na hema, na birika la kahawa.
Nilifika na tisa.
Eljas amevaa visikizi, hakuinua kichwa.
Amechelewa dakika hamsini, alisema.
Kisha: kimya, nasikia kitu.

Hakufika shimoni. Alikwama mita arobaini kabla,
mgongo umegandamana na dari,
hana nguvu ya kusukuma hata parafujo moja,
ila ile ya kulia: ti. Kimya. Ti.
Tukafuata kilio kwa miguu, tukapiga magoti,
tukakata mlango mwingine pale alipo.
Alitoka akiwa na asilimia mbili
na kipimo changu.

Hakuna umeme kule, isipokuwa jenereta kuukuu
inayokunywa dizeli na kukohoa.
Waya mmoja kwa Made, mmoja kwa gari langu,
taa mbili za kijani zikipepesa kila moja kwa wakati wake.
Tulicheka kidogo, kwa aibu.
Baadaye Eljas alivua glavu,
akaifuta namba yangu kwa kidole kilichopauka,
akaandika hamsini,
akanimiminia kahawa.